Baada ya Arobaini, Nani Analinda Pumziko la Mama?

Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza hapa Tanga, miaka 11 iliyopita, mama yangu mkubwa alikuja kutoka Pangani na kikapu kimoja cha ukili, akakaa nami siku 40. Kila asubuhi alinikanda kwa maji ya moto, akanifunga mkaja tumboni, kisha akaniletea bakuli la uji uliokolezwa pilipili manga, akasimama karibu yangu mpaka nilipolimaliza. Mchana alikaa kwenye kizingiti cha mlango na kuwaambia wageni kwa upole kwamba mzazi amelala, warudi alasiri. Sikuruhusiwa kuinua ndoo wala kusogelea jiko. Rafiki yangu wa Moshi, ambaye kwao mzazi hulishwa mtori wa ndizi na nyama kwa wiki nyingi na hatakiwi kugusa jembe, alinisimulia habari inayofanana kabisa na yangu. Nadhani makabila mengi ya nchi hii yalielewa jambo hilo mapema: mwili uliozaa unadai mapumziko, na deni hilo halilipwi na mama peke yake.

Siku ya 41 mama mkubwa alifunga kikapu chake akarudi Pangani, nami nikaanza maisha ambayo wasomaji wengi wa ukurasa huu mnayajua bila kuelezwa. Leo nina watoto watatu na ninafundisha shule ya sekondari. Kwa miaka mingi nilikuwa ninaamka saa kumi na nusu alfajiri ili maji yawe yamechemka na sare ziwe zimepigwa pasi kabla ya kuwaamsha watoto, na usiku, wote walipokwisha kulala, niliwasha taa ya mezani nikasahihisha madaftari hadi saa sita. Nilijiona ninaweza. Watu nao waliniambia kwamba ninaweza, na sifa hiyo nikaibeba kama mzigo mwingine juu ya ile niliyokuwa nayo.

Mwaka jana, wakati wa mitihani ya muhula, kichwa kiliniuma siku tano mfululizo nikaenda kupima. Presha ilikuwa imepanda. Nesi aliyenipima, mwanamke wa rika langu, aliniuliza ninalala saa ngapi kwa usiku, na nilipohesabu mbele yake nikaona haya kutaja jibu, kwa sababu hazikufika hata tano, nami ninafundisha baiolojia na ninajua vizuri kwamba mtu mzima anahitaji saa saba au zaidi. Akaandika tarehe ya kurudi na kuniambia, "Mama, pumzika." Nilitoka pale nikiwa na nia njema kabisa ya kumtii, ila sikujua pumziko hilo ningeliweka kati ya saa ipi na saa ipi. Hapo ndipo ushauri mwingi tunaopewa akina mama unapokomea. Tunaambiwa tuoge maji ya uvuguvugu, tusome kitabu, tunywe chai taratibu, na yote hayo ni mazuri, lakini hakuna anayetaja ni nani atakayemshika mtoto wa miaka mitatu wakati chai hiyo inanywewa.

Jioni ile nilimpigia simu mama mkubwa, nikamweleza. Alinyamaza kidogo, kisha akasema maneno ambayo tangu siku hiyo sijayasahau: "Mwanangu, ile arobaini hukupumzika kwa sababu ulikuwa na nafasi. Ulipumzika kwa sababu mimi nilikuwa mlangoni."

Nilimwomba baba watoto tukae mezani, tukachukua karatasi na kuandika kila kazi ya nyumba hii kuanzia alfajiri hadi usiku, pamoja na zile ambazo hazionekani, kama kukumbuka tarehe ya chanjo na kujua kwamba gesi inakaribia kwisha. Karatasi ilijaa pande zote mbili. Sikuiandika ili kumsuta, na yeye hakuipokea hivyo. Alikuwa hajawahi kuziona kazi hizo zikiwa zimepangwa pamoja mahali pamoja. Tulikubaliana kwamba Jumanne, Alhamisi na Jumapili, kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa kumi na mbili, nyumba ni yake: yeye ndiye atakayepika, atakayemwogesha mdogo na kukagua kazi za shule. Kijana wetu wa miaka minane akapewa vyombo, na binti yetu mkubwa akapewa mlango. Akija mgeni, ni yeye atakayemkaribisha barazani na kumwambia kwamba mama amepumzika. Tulilisisitiza neno hilo, kwamba asiseme mama yuko bafuni wala mama ametoka, kwa maana sikutaka mwanangu akue akidhani kwamba pumziko la mwanamke ni jambo la kufichwa.

Wiki za kwanza zilikuwa ngumu kuliko nilivyotazamia. Nilijilaza chumbani huku masikio yangu yote yakiwa jikoni. Nilisikia kifuniko cha sufuria kikianguka nikainuka. Nikasikia mdogo akilia nikainuka tena, na nilipofika sebuleni nikamkuta babake ameshambeba na kilio kimekwisha. Nilikuwa ninajisikia kama mtu aliyekimbia zamu yake. Siku moja harufu ya vitunguu vinavyoanza kuungua ilipenya chini ya mlango, nikashika kitasa nikasimama hapo, kisha nikarudi kuketi kitandani. Wali ule tuliula ukiwa na rangi ya kahawia na hakuna aliyedhurika. Yapata wiki ya tano, nilishtuka kuona saa imepita na sikuwa nimesikia sauti yoyote kutoka jikoni, na kwa mara ya kwanza nikaelewa kwamba nilikuwa nimepumzika kweli.

Ninachokifanya ndani ya saa hiyo ni kidogo sana. Kwenye droo yangu nina msio, lile jiwe bapa la matumbawe ambalo bibi zetu walisagia liwa, na kipande cha mti wa liwa chenye urefu wa kidole changu cha kati. Ninatia matone machache ya marashi ya waridi juu ya jiwe, kisha ninakisugua kipande hicho kwa mzunguko, polepole, kwa sababu liwa haitoki kwa haraka wala kwa nguvu. Mwanzoni maji yanabaki maji; baada ya muda yanaanza kuwa mazito, yanageuka rangi ya maziwa yenye chai kidogo, na harufu inajaa chumbani kabla uji wenyewe haujatosha kupaka hata shavu moja. Ninajipaka usoni na shingoni, ninatandika mkeka chini penye ubaridi wa sakafu, ninalala chali, na kadiri liwa inavyokauka ninaihisi ngozi ikikaza taratibu. Simu inabaki sebuleni. Nimejaribu kupumzika nayo mkononi na nimegundua kwamba huko si kupumzika, kwa kuwa macho yanapokea maisha ya watu wengine wakati yangu bado sijayatua. Jumapili nyingine huwa ninatembea na jirani yangu hadi Raskazone kuitazama bahari, tukiongea au tukinyamaza.

Ninajua kwamba si kila mama ana mume wa kumwachia jiko. Jirani yangu huyo huyo ni mama lishe na analea peke yake. Yeye na wenzake wawili wa kikoba chao wamepanga kwamba kila Jumapili mmoja anawachukua watoto wote saba kwa mchana mzima, na wawili wanabaki huru. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa aliyejifungua siku 84 za likizo, au 100 akiwa amepata zaidi ya mtoto mmoja, na anaporudi kazini inamruhusu hadi saa mbili kwa siku za kumnyonyesha mtoto. Mimi nilizitumia zote. Yeye, ambaye hana mwajiri, alirudi kwenye masufuria yake baada ya wiki tatu, na hakuna sheria iliyosimama mlangoni kwake. Ndiyo maana mpango wao wa Jumapili ninauheshimu kuliko wangu.

Lipo pia jambo ambalo liwa na bahari haviliwezi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea karibu wanawake 20 kati ya kila 100 waliojifungua hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona. Mama anayelia kila siku bila kujua sababu, asiyemtamani mtoto wake, au ambaye giza limemkalia kwa zaidi ya wiki mbili, ni mgonjwa anayestahili matibabu, na ninawasihi wanaoishi naye wamsindikize kliniki badala ya kumwambia ajikaze. Katika mahari zetu za Pwani mkaja hutajwa kwa jina lake, fungu la mama wa bibi harusi, kwa kukumbuka kitambaa alichofungwa tumboni siku alipomzaa. Tunalilipa fungu hilo miaka 20 au zaidi baadaye, mbele ya watu, kwa heshima kubwa, na ninatamani sehemu ya heshima hiyo ingemfikia mapema, wakati mkaja bado uko kiunoni.

Presha yangu imeshuka, ingawa bado ninapima kila mwezi, na madaftari ninayafunga saa nne usiku hata kama hayajaisha. Wiki ijayo baba watoto atasafiri kikazi kwa siku kumi. Wifi yangu amekubali kuja Jumanne, na Jumapili watoto wangu wataungana na wale saba. Alhamisi bado haijapata mtu, na kesho asubuhi nitamwuliza mwalimu mwenzangu anayekaa mtaa wa pili, ambaye naye, kwa kadiri ninavyomwona siku hizi, anahitaji siku yake.