Massey ya Pamba Niliyoiingiza Kwenye Miembe

Trekta ya Massey Ferguson 135 niliyorithi kwa mzee wangu imelima pamba na mahindi kwenye mbuga za Misungwi tangu mimi nikiwa mtoto. Kwenye shamba la wazi haina neno. Injini yake ni Perkins ya silinda tatu, nguvu za farasi 45 hivi, na spea zake unazipata Mwanza mjini bila kuagiza mbali. Kasheshe ilianza baba mdogo aliponikabidhi shamba lake la miembe na michungwa upande wa Usagara. Miti ile ilipandwa zamani na haikupogolewa hata siku moja. Ukisimama katikati ya mistari unaona njia, lakini ukiingia na trekta njia inatoweka, maana matawi ya kulia na kushoto yanashikana usawa wa kifua cha dereva.

Cha kwanza kugonga ni ekzosi, ambayo imesimama wima juu ya boneti kama mlingoti wa ngalawa. Zinafuata taa, kisha kichwa chako. Ila kinachoharibu mti kuliko vyote ni ule uwazi kati ya tairi la nyuma na madigadi. Tawi likiingia pale, tairi linalivuta linapozunguka, na litatoka na gome lake. Jeraha la namna hiyo kwenye mwembe ni mlango wa ukungu. Na embe likivunjika kikonyo kabla ya wakati, utomvu unalimwagikia na kuunguza ganda. Ukilipeleka sokoni na weusi ule, mnunuzi anakukata bei bila hata kulibonyeza.

Nilipoanza kutafuta picha za trekta za bustani za matunda nikakuta kumbe hili jambo ni la zamani sana. Huko Marekani, John Deere walitoa kiwandani trekta aina ya AO tangu miaka ya 1930, mahususi kwa bustani: ekzosi imeshushwa, na matairi ya nyuma yamefunikwa kwa bati la mviringo ili tawi liteleze juu yake. Kwenye mashamba ya matofaa yenye mwinuko kule Yakima, jimbo la Washington, ndugu wa familia ya Lindeman walikuwa wakichukua trekta za BO za John Deere hao hao na kuzifunga minyororo badala ya matairi, kuanzia 1939 hadi 1947. Minyororo haikunihusu. Nilichokiona kwenye picha zile ni kwamba hakuna trekta hata moja iliyokuwa na kitu kimechomoza. Upana na nguvu si hoja kubwa kama wengi wanavyodhani. Hoja ni tawi lipite juu ya mashine kuanzia puani hadi mkiani bila kupata pa kujishika.

Nikampelekea fundi wa kuchomelea mmoja pale Buhongwa.

“Fundi, nataka hii trekta ishuke.”

“Ishuke wapi, bosi? Urefu wa injini siwezi kuukata na grenda.”

Alikuwa na haki. Kwa hiyo tukakubaliana kushusha kila kisicho injini.

Ekzosi ilikuwa kazi nyepesi. Tuliikata ile ya wima, tukaweka kona ya bomba na kuipitisha ubavuni chini ya ubao wa kukanyagia, mdomo ukitokea pembeni. Nilisisitiza bomba lisiwe jembamba kuliko lile la zamani, maana injini ikibanwa pumzi inapoteza nguvu na kuchemka. Mdomo umeinuliwa kidogo. Kiangazi chetu cha Juni hadi Septemba nyasi zimekauka kabisa, na ekzosi inayopuliza chini ni kiberiti. Mguu wa dereva nao una kinga ya bati, limeachiwa nafasi lisiguse bomba lenyewe.

Madigadi ndiyo yaliyokula siku na chuma. Yale ya asili ni mafupi, yanafunika tairi juu tu. Fundi aliongezea bati nene kuanzia mbele, karibu na kanyagio, likapanda juu ya tairi na kuteremka nyuma hadi chini ya katikati ya gurudumu, na ubavu wa nje ukazibwa pia. Kila ukingo aliuzungushia nondo ndani, kwa sababu bati lenye ncha kali linachana tawi vilevile. Halafu akapitisha grenda kwenye michomeleo yote hadi ukipitisha kiganja hakikwami. Nilimwambia apitishe chake, nikapitisha na changu. Pale palipokwama tulipiga upya. Upande wa nje tumefunga kwa bolti, usichomelewe moja kwa moja, la sivyo siku ya pancha utalia.

Kiti kilishuka kiasi cha kiganja tu. Kwenye 135 kiti kimekaa juu ya mfuniko wa haidroliki, na mfuniko huo huwezi kuuhamisha. Tulikata springi yake, tukakisogeza nyuma kidogo. Usukani tumeuacha ulivyo, lakini mbele yake tumeweka mabomba mawili yaliyoanzia kwenye bampa, yakapita juu ya boneti kwa mteremko na kuishia juu kidogo ya usukani. Tawi likigusa bampa linapanda bomba na kumpita dereva kichwani. Taa tumeziingiza ndani ya uso wa boneti, na mbele ya rejeta kuna wavu mwembamba unaochomoka kwa mkono. Mbegu za nyasi zinaziba rejeta haraka ajabu, wavu huo nauchomoa na kuukung'uta kila ninapofika mwisho wa mstari.

Kuhusu matairi, watu hawajui kwamba hizi Massey za zamani unaweza kuzipunguza upana bila kununua kitu. Nyuma unaweza kubana hadi inchi 48, katikati ya tairi hadi katikati ya tairi, kwa kugeuza sahani (bati la katikati ya gurudumu) na rimu tu. Ukigeuza sahani inabidi tairi la kulia liende kushoto na la kushoto lije kulia, ama sivyo meno yatatazama kinyume. Simama nyuma ya trekta: ncha ya V iwe inatazama juu. Mbele, ekseli ina matundu ya bolti, unaivuta ndani. Mimi sikubana hadi mwisho. Shamba la baba mdogo lina mwinuko na mawe, kama ilivyo nusu ya Mwanza, na trekta jembamba kwenye mteremko hulala ubavu kabla hujajua. Badala yake nimejaza maji matairi ya nyuma hadi usawa wa valvu, valvu ikiwa juu kabisa. Hiyo ni kama robo tatu ya tairi, na uzito wote uko chini. Breki za nyuma nazo ni mbili, kila moja na pedeli yake upande wa kulia. Ukitoa komeo linaloziunganisha na kukanyaga ya upande mmoja, inageukia pale pale mwisho wa mstari.

Jembe la diski sikuliingiza kabisa. Baba mdogo alitaka tulime katikati ya miti kama tunavyolima pamba, nikamwambia, “Baba, mizizi inayokula iko juu juu hapa kwenye luseni, diski itaikata yote.” Luseni ni udongo wetu wa kichanga. Tunafyeka kwa slasha, mashine ya kufyekea inayovutwa na trekta, na nyasi tunaziacha chini ya mti. Slasha yenyewe fundi aliihamisha fremu yake ya kufungia, ikatoka kulia zaidi ya tairi, ili ifike chini ya matawi wakati dereva yuko nje ya mti. Ihamishe kidogo tu. Shafti ya PTO, ile inayopeleka nguvu ya injini kwenye slasha, ikipinda sana, krosi za maungio yake zinaanza kulia na hazimalizi msimu. Na kinga ya shafti isitolewe, nimeona madereva wengi wanaitupa kwa sababu inapiga kelele.

Gharama kubwa ilikuwa bati na ufundi, na madereva wenzangu pale barabarani wanaicheka kwa sura yake. Inapita kwenye mistari karibu yote sasa. Iliyobaki ni miembe michache karibu na kisima, matawi yake yanagusa ardhi. Chini ya hiyo tunafyeka nyasi kwa mkono, maana habari ya kuipogoa baba mdogo hataki hata kuisikia.