Nimeirudia Lights Out, na bado nina ugomvi na mwisho wake

Jumamosi, usiku

Kuna filamu fupi isiyofika hata dakika 3, imepigwa ndani ya nyumba ya kawaida huko Sweden, nami nimeiwaza kuliko filamu nyingi za saa mbili nilizolipia kiingilio. Inaitwa Lights Out. Aliiongoza David F. Sandberg mwaka 2013, na mwanamke tunayemwona humo ni Lotta Losten, mke wake. Hawakuwa na fedha za kusema. Waliipeleka kwenye shindano la filamu fupi za kutisha lililoendeshwa mtandaoni na Waingereza wa Bloody Cuts. Filamu yenyewe haikushinda, ila Sandberg alipewa tuzo ya mwongozaji bora. Baadaye ikasambaa hadi Hollywood wakampigia hodi.

Leo nimeitazama tena mara kadhaa, na nikaona niandike kabla hasira na mapenzi havijapoa.

Kisa ni kifupi. Mwanamke anataka kwenda kulala, anazima taa ya korido. Gizani anaona mtu amesimama kule mwisho. Anawasha, hakuna kitu. Anazima, yupo. Anawasha, hayupo. Anaendelea hivyo mpaka anazima mara nyingine na kile kivuli kiko puani kwake.

Niseme kwanza ninachokipenda, maana ndicho kingi. Watu wasio na fedha wanapotengeneza filamu ya kutisha, mara nyingi huanza na zimwi la mtu mwenye fedha, kisha wanahangaika kulitengeneza kwa unga na rangi nyekundu. Sandberg alianza na kile alichokuwa nacho, yaani korido, swichi na mke aliyekubali kukesha naye. Kisha akatunga sheria moja: kiumbe huyu yupo gizani tu. Sheria hiyo ndiyo bajeti yote. Kiumbe akiwa gizani tu, huhitaji kumpamba wala kumtengenezea ngozi. Ni umbo jeusi lenye nywele ndefu kidogo, basi. Na hila ya kumfanya apotee haina gharama, kwa sababu taa ikiwaka na kuzimika picha inabadilika yenyewe, na hapo hapo ndipo unapounganisha vipande viwili: korido yenye mtu na korido tupu. Yeyote mwenye stendi ya kamera na programu ya kuhariri video anaweza kuifanya. Kuifikiria ndiko kugumu.

Jambo jingine, hakuna neno hata moja linalosemwa. Mama yangu hajui Kiingereza, lakini niliwahi kumwonyesha kwenye simu na hakuniuliza swali. Aliisukuma simu mbali, akaniambia nisimletee tena mambo hayo usiku.

Ila sehemu ninayoiheshimu kuliko zote ni selotepu. Baada ya kushtuka, yule mwanamke anachukua selotepu na kuibandika juu ya swichi ili taa ibaki inawaka. Nimeisimamisha pale na kuirudisha nyuma, maana ni kitendo kidogo sana na kimebeba filamu nzima. Hapigi yowe. Hakimbilii kisu. Anafanya kile ambacho mtu mwenye akili timamu angefanya saa sita usiku akiwa peke yake, akitaka kujidanganya kwamba tatizo ni la swichi. Unamwelewa kabisa, na wakati huo huo unajua selotepu haitamsaidia. Hofu ya namna hiyo hainunuliwi.

Kisha anaingia kitandani. Taa ndogo ya pembeni inawaka, anasikia kitu kinatembea, anajifunika. Taa inaanza kuzimika na kuwaka, na anagundua plagi imelegea kwenye soketi. Anauchomoa mkono kwenye blanketi kwenda kuisukuma. Mkono ule peke yake nje ya blanketi! Sisi tuliokua tukisikia habari za popobawa hatuhitaji kufafanuliwa kwa nini kitanda ndipo mahali pabaya kuliko pote. Mwaka 1995 kule Unguja na Pemba watu walilala nje kwa makundi kwa sababu ya hofu hiyo hiyo, kwamba kitu kitamkuta mtu akiwa amelala peke yake ndani. Sandberg hakuwa na habari hizo, lakini aligusa pale pale.

Plagi inakaa sawa, taa inatulia, mwanamke anapumua. Anageuka, na kando ya taa kuna uso. Macho meupe makubwa, mdomo umetanuka kwa kicheko. Uso huo unazima taa. Mwisho.

Na hapa ndipo ugomvi wangu ulipo. Filamu imenifundisha kwa zaidi ya dakika mbili kwamba kiumbe huyu hawezi kukaa kwenye mwanga, na mimi nimeamini. Halafu inamweka kwenye mwanga wa taa, karibu kabisa, ili nimwone vizuri. Najua watu husema hiyo ndiyo shtua yenyewe, kwamba sheria imevunjwa na hakuna tena pa kukimbilia. Ningekubali kama uso ungestahili kuonwa. Lakini ni uso wa kutengenezwa, na ukiutazama mara ya pili unaanza kuona ulivyotengenezwa. Kile kivuli cha koridoni nimekitazama hata sijui mara ngapi na bado sikipendi. Uso haunitishi tena. Sekunde chache tu zimekula sehemu ya kazi nzuri yote iliyotangulia.

Mdogo wangu, anayehariri video za harusi na kwa hiyo hubishana kama fundi, hakubaliani nami hata kidogo. "Dada, bila ule uso nani angemtumia mwenzake hii video?" Nikanyamaza, maana ana hoja. Mtu humtumia rafiki filamu fupi ili amwone akiruka kwenye kiti. Uso ndio uliowafanya watu waisambaze, na bila kusambazwa Sandberg huenda angebaki Sweden akitengeneza video ndogo ndogo. Kwa hiyo labda kosa la kisanaa ndilo lililomlisha msanii. Nalikubali hilo, na bado nalihesabu kuwa kosa.

Kosa la pili ni yule mwanamke mwenyewe. Hana jina, hana simu, hana mtu wa kumwita, na hatujui kwa nini anaishi peke yake. Ndani ya dakika 3 huwezi kueleza mengi, sawa, lakini picha moja ukutani au sahani ya pili mezani ingetosha. Ilivyo sasa, tunaogopa pamoja naye lakini hatuhuzuniki kwa ajili yake.

Mwaka 2016 ilitoka filamu ndefu, James Wan akiwa miongoni mwa watayarishaji na Sandberg akiongoza. Bajeti yake ilikuwa kama dola milioni 5, ikaingiza zaidi ya milioni 140. Losten yumo mwanzoni, na dakika zile za mwanzo ndizo bora. Baada ya hapo kiumbe anapewa jina, Diana, anapewa utoto na historia ya hospitali, na anafungamanishwa na ugonjwa wa akili wa mama wa familia kwa namna iliyoniacha na uchungu. Kila walipomweleza, alipungua. Kilichonifurahisha ni kwamba mwaka 2020, dunia ilipojifungia ndani, Sandberg, ambaye tayari alikuwa ameongoza filamu kubwa ya Hollywood, Shazam!, alirudi kutengeneza filamu fupi nyumbani na mke wake. Shadowed ni mojawapo, nayo inachezea vivuli na mwanga. Mtu anayerudi korido yake baada ya mamilioni anaipenda kazi hiyo kweli.

Kuna jambo wenzetu wanaoanza huku nyumbani hulipita haraka, nalo ni sauti. Lights Out inatisha kwa masikio kabla ya macho. Ukiitazama bila hedifoni umeikosa nusu. Nimeona kazi za vijana zenye picha safi kabisa, lakini sauti ni muziki wa kushtua uliopakuliwa mtandaoni, uleule, unaopigwa kila mlango unapofunguka. Wakati sisi tuna bati linalolia usiku likipoa, tuna geti, tuna kandambili kwenye sakafu ya saruji. Kandambili zinazotembea koridoni wakati watu wote wa nyumba wapo sebuleni, mimi hizo zingeniondoa ndani.

Mdogo wangu anataka tupige yetu Desemba, nyumbani kwa mama Korogwe, kwenye korido ya nyuma inayokwenda jikoni. Nimemwambia sauti niachie mimi, na kwamba kabla ya yote aniambie huyo mtu wa koridoni anaitwa nani na kesho yake alipanga kwenda wapi. Kuhusu uso bado hatujaelewana. Keshaanza kutafuta mtu wa kupamba.