Duniani wawili wawili, na kamera ya polisi barabarani

Jumamosi moja nilikuwa Croydon, kusini mwa London, nimemshika mkono binti yangu wa miaka tisa. Mbele yetu limeegeshwa gari la polisi lenye kamera juu ya paa, na hatua chache kabla yake kuna kibao kinachosema kamera za kutambua sura zinafanya kazi. Sijamaliza kukisoma, tumeshapita. Binti akageuka kuangalia nyuma.

"Baba, wametupiga picha?"

"Wametupima," nikamjibu. Neno lilinitoka tu, lakini kadiri ninavyolifikiria naona ndilo lenyewe.

Maana kinachofanyika ni hiki: kamera ikiuona uso, programu inaugeuza kuwa msururu wa namba, kisha inaulinganisha na nyuso zilizo kwenye orodha ya wanaosakwa. Kila ulinganisho unapewa alama, na polisi wa London wameweka kiwango cha 0.64. Alama ikifika hapo, askari anapata taarifa kwenye kifaa chake, na yeye ndiye anayeamua akusimamishe au akuache. Wasiofanana na mtu yeyote, namba zao zinafutwa papo hapo. Naamini zinafutwa. Lakini kufutwa baada ya kupimwa si sawa na kutopimwa. Wapita njia wote wanapekuliwa kwanza, ndipo wanaachiwa, na hakuna aliyeulizwa.

Miaka kadhaa nyuma, kwenye uwanja mmoja wa ndege, geti la pasipoti lilinikataa mara tatu. Taa nyekundu. Nikavua miwani, nikasogea, nikarudi nyuma, huku abiria waliokuwa nyuma yangu wakihamia mstari mwingine mmoja mmoja. Ofisa akaja, akaitazama pasipoti, akanitazama usoni, akanipitisha. Kwa muda mrefu niliamini kwamba shida yetu watu weusi na mashine hizi ni hiyo tu: hazituoni vizuri.

Kumbe kosa la kuogopa zaidi liko upande wa pili. Desemba 2019, NIST, taasisi ya viwango na teknolojia ya serikali ya Marekani, ilitoa ripoti baada ya kupima programu 189 za kutambua sura. Kosa la kuwachukua watu wawili tofauti na kusema ni mtu mmoja lilikuwa kubwa zaidi kwa watu wa Afrika Magharibi, Afrika Mashariki na Asia Mashariki, na dogo zaidi kwa watu wa Ulaya Mashariki. Kwa programu nyingi tofauti ilikuwa ya mara kumi hadi zaidi ya mia. Kwa zile bora ilikuwa ndogo. Niliyasoma maneno "Afrika Mashariki" mara mbili. Ni sisi hao.

Tunasema duniani wawili wawili. Mtu akikufananisha na mwingine njiani, mnacheka, mnaombana radhi, kila mmoja anashika njia yake. Mashine ikikufananisha, anayekujia ni askari, na kazi ya kuthibitisha kwamba wewe si yule inakuwa yako, mbele za watu. Kwenye kitongoji cha Detroit, Marekani, Januari 2020, Robert Williams alitiwa pingu mbele ya mkewe na mabinti zake wawili, akalala rumande, kwa sababu programu ilimlinganisha na picha ya mwizi wa saa dukani. Hakuwa yeye. Ile haikuwa kamera ya barabarani bali picha ya dukani iliyotafutiwa mwenyewe baadaye, ila kosa ni lilelile.

Polisi wa hapa wana jibu. Programu yao ilipimwa na maabara ya taifa ya vipimo, na mwaka 2023 ikasemwa kwamba kwa kiwango wanachotumia, tofauti kati ya rangi si kubwa. Sawa. Ila vipimo vilevile vilionyesha kiwango kikishushwa, watu weusi ndio wanaoanza kufananishwa kimakosa zaidi. Kwa hiyo usalama wangu umekalia namba moja, na wanaoipanga namba hiyo ni polisi wenyewe.

Hapo ndipo ninapomshukuru Ed Bridges wa Cardiff, mji mkuu wa Wales, mtu ambaye sijawahi kukutana naye. Desemba 2017 alikuwa mjini kwenye manunuzi ya Krismasi, akapita mbele ya gari kama lile. Akaenda mahakamani. Tarehe 11 Agosti 2020 Mahakama ya Rufani ilisema polisi wa South Wales walivunja sheria: askari waliachiwa uhuru mno wa kuamua nani awekwe kwenye orodha na kamera zipelekwe wapi, na hawakuchunguza vya kutosha kama programu inawabagua watu kwa rangi au jinsia. Hata baada ya hukumu hiyo, Bunge halijapitisha sheria mahsusi kwa kamera hizi. Kinachotumika ni sheria za jumla, pamoja na miongozo ya polisi wenyewe.

Sikatai kwamba kamera hizi zimewanasa watu waliotafutwa kwa makosa mazito. Mimi ni mzazi, nami nataka watu hao wakamatwe. Ila naambiwa kama sina cha kuficha nipite tu, na hilo silikubali. Mwaka 2019 huko Romford, mashariki mwa London, zilipokuwa bado zinajaribiwa, mwanamume mmoja alipandisha nguo akafunika uso alipokuwa anapita. Askari wakamsimamisha, maneno yakawa makali, akatozwa faini ya pauni 90. Faini iliandikwa kwa ajili ya fujo, lakini yote yalianza na mtu aliyeuziba uso wake mwenyewe.

Siku ile Croydon binti yangu aliniuliza swali moja zaidi. "Tukirudi watatupima tena?" Nikamwambia ndiyo, tukipita hapahapa.

"Basi tusipite hapa."

Tukazunguka barabara ya nyuma. Sikumwambia kwamba mwaka 2025 Croydon hiyohiyo ndiyo iliyochaguliwa kujaribiwa kamera zisizohitaji gari, zinazofungwa kwenye nguzo. Nadhani alishahisi mwenyewe, maana njia nzima alikuwa ameinua kichwa, akizikagua nguzo za taa moja baada ya nyingine.