Karani wa muda, wiki ya kwanza

Jumatatu

Mwanafunzi anayeingia ofisini kwa kazi ya muda huja na hofu ya kuonekana mzito, kwa hiyo anaanza kwa kukimbia. Kasi yake haina faida kubwa kwa ofisi. Baada ya wiki chache ataondoka, na kazi itabaki kwa wenyeji. Watakachomkumbukia ni kama mtu mwingine anaweza kukaa kwenye kiti kile kesho yake, akafungua majalada, akaendelea bila kumtafuta kwa simu.

Kabla ya kuwasha kompyuta, kuna mkataba. Soma tarehe ya kuanza na ya kumaliza, kama malipo ni kwa saa au kwa siku, kama mapumziko ya mchana yanakatwa, na nani anasaini karatasi ya saa za kazi. Hilo la mwisho ndilo husahaulika. Ukiwa umeletwa na wakala, anayekulipa siye anayekupa kazi za kila siku, na karatasi isiyo na saini ya msimamizi hukwamisha malipo hata kama kila mtu amekuona ukifanya kazi.

Nunua daftari dogo. Karatasi moja moja hupotea. Kila unapopewa kazi, uliza ikikamilika iwe na sura gani, inakwenda kwa nani, na inatakiwa lini. Ukiweza, omba kuona iliyofanywa mwezi uliopita. Mfano mmoja uliokwisha kubaliwa hukuokoa na maelekezo ya nusu saa.

Jumanne

Siku ya mashine, maana hakuna mgeni ambaye hatumwi kutoa nakala. Karatasi ya kawaida ni A4, milimita 210 kwa 297, gramu 80 kwa mita mraba, na rimu moja ina karatasi 500. Karatasi hukwama kwa sababu zinazojulikana: rimu iliyoachwa wazi imenyonya unyevu, karatasi zimegandana kingo, trei imejazwa kupita alama, au vile vishikizo vya pembeni havikubana vizuri na karatasi inaingia upande. Zipepete kabla ya kuziweka. Ikikwama, fungua milango kwa mpangilio unaoonyeshwa na mashine, kisha vuta polepole kwa mikono miwili, kufuata njia ambayo karatasi ilikuwa ikielekea. Ikichanika, tafuta kipande kilichobaki, hata kama ni cha ukubwa wa kucha. Hicho ndicho kitakachokwamisha inayofuata. Sehemu inayoyeyusha wino wa unga na kuugandisha kwenye karatasi huwa ya moto, usiiguse.

Ukiona mstari mwembamba unashuka kwenye kila ukurasa uliopita kwenye kilishio cha juu, kile kinachovuta karatasi chenyewe, lakini ukilaza karatasi juu ya kioo kikubwa inatoka safi, tatizo ni ule ukanda mwembamba wa kioo pembeni. Tone la gundi au wino wa kusahihishia linatosha. Futa kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo. Pini za stepla zitolewe zote kabla, kwa sababu zikiukwaruza ukanda ule, mstari huo hautafutika tena. Unga wa tona, yaani wino wa mashine, ukikumwagikia nguoni, kung'uta na kuosha kwa maji baridi; joto huuyeyusha na kuugandisha kwenye uzi.

Jumatano na Alhamisi

Hapa ndipo wiki ilipo. Kazi nyingi za muda ni kuingiza taarifa kutoka kwenye fomu hadi kwenye jedwali la kompyuta, na inaonekana rahisi mpaka uione imeharibika.

Namba ya simu inayoanza na sifuri ukiiandika kwenye seli (kisanduku) ya kawaida ya Excel, programu ya majedwali, sifuri inatoweka, kwa sababu programu imeichukulia kuwa ni hesabu. Geuza safu nzima iwe ya maandishi kabla ya kuanza. Ukigeuza baadaye, sifuri hairudi yenyewe. Namba ndefu ni hatari zaidi: Excel hutunza tarakimu 15 tu, na ya 16 huwa sifuri kimyakimya. Namba ya kadi yenye tarakimu 16 inaweza kuonekana sawa, kumbe si sahihi.

Tarehe nazo. 03/04 ni tarehe 3 Aprili kwa kompyuta moja na 4 Machi kwa nyingine. Panga safu ionyeshe mwezi kwa herufi, na kosa litajitokeza lenyewe. Mwaka uandikwe kwa tarakimu 4. Ukiandika mbili, programu inakisia karne, na mzee aliyezaliwa 1925 anaweza kugeuka mtoto wa 2025.

Maafa makubwa kuliko yote huja wakati wa kupanga majina kwa alfabeti. Mtu anachagua safu ya majina peke yake, programu inamuuliza kama ihusishe safu za jirani, anajibu bila kusoma. Majina yanahama, namba zinabaki, na kila mtu sasa ana akaunti ya mwenzake. Kinga yake ni hii: hifadhi nakala ya asili, kisha ongeza safu ya kwanza yenye 1, 2, 3 hadi mwisho. Vyovyote utakavyopanga, mradi umechagua jedwali zima, utaweza kurudisha mpangilio wa mwanzo.

Kuhusu kuhakiki, gawa fomu katika mafungu ya 50. Jumlisha kwa kikokotoo kiasi kilichoandikwa kwenye fomu, kisha linganisha na jumla ya jedwali kabla ya kugusa fungu linalofuata. Zikitofautiana, gawanya tofauti kwa 9. Ikigawanyika bila baki, shuku kwanza tarakimu mbili zilizobadilishana nafasi: 1,280 iliyoandikwa 1,820 inaleta tofauti ya 540, yaani 9 mara 60. Ni ujanja wa zamani wa wahasibu, na naupenda kuliko fomula yoyote. Jumla ikiwa pungufu bila sababu, tazama namba zilizoegemea kushoto ndani ya seli. Mara nyingi hizo zimeingia kama maandishi, na fomula ya kujumlisha huziruka.

Simu na baruapepe hazihitaji maneno mengi. Anayepiga, andika jina, namba, saa na anachotaka, kisha msomee namba yake. Usimwahidi kitu ambacho si chako kukitoa. Kwenye baruapepe, jaza anwani mwisho, baada ya kusoma ulichoandika, na uangalie kama kweli watu wote waliomo wanahitaji jibu lako.

Ijumaa

Majina ya mafaili yaanze na mwaka, kisha mwezi, kisha siku: 2026-02-09-barua-ya-ugavi. Kompyuta ikiyapanga, yanakaa kwa mfuatano wa tarehe. "Mpya", "mpya kabisa" na "ya mwisho" ni ugonjwa wa ofisi nyingi. Tumia 01, 02, 03. Ukitoa jalada la karatasi masijala, acha mahali pake kadi yenye jina lako na tarehe, la sivyo mtu atalitafuta siku nzima na wewe umelilalia mezani.

Kila unapoinuka, funga skrini kwa Windows na L. Nenosiri usimwazime mtu hata mwenye cheo: mfumo unaandika kwamba ni wewe uliyefanya, na wewe ndiye utakayeulizwa.

Kabla ya kutoka, peleka karatasi ya saa isainiwe mapema, kwa sababu wasimamizi hupotea mchana wa Ijumaa. Piga picha nakala iliyosainiwa. Kisha andika ukurasa mmoja wa makabidhiano: fungu la mwisho lililohakikiwa, namba ya fomu uliyoishia, fomu zilizotengwa na sababu ya kila moja (saini haipo, kiasi hakisomeki), na folda zilipo. Fomu zilizotengwa ziweke kwenye bahasha yake, juu ya mafungu, si chini.