Ukurasa wa 13 Kichwa Chini

Jarida lililopigwa pini mgongoni lina sehemu moja tu ambapo kurasa mbili zinazotazamana ni karatasi moja: katikati. Letu lilikuwa na kurasa 24, kwa hiyo sehemu hiyo ilikuwa ukurasa wa 12 na wa 13. Kwingine kote, picha inayovuka mkunjo huchapwa nusu kwenye karatasi moja na nusu kwenye nyingine. Wino ukikolea upande mmoja, au mkunjo ukihama milimita moja, uso wa msanii unapasuka. Ndiyo maana tulipokuwa tukiandaa toleo la kwanza hapa Mwanza, mwaka 2014, kurasa hizo mbili tulizigombania kabla hata ya kuamua nani akae kwenye jalada.

Zikaenda kwa Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vya Wasukuma ambavyo upinzani wao ni wa tangu enzi za mababu. Baada ya mavuno, manju (kiongozi wa ngoma) wa kila upande huingia uwanjani na kundi lake, wote wakacheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni aliyevuta watu wengi zaidi. Dawa za mvuto nazo ni sehemu ya mchezo. Asiyewahi kuona aende Bujora, kule Kisesa, wakati wa sikukuu ya Bulabo mwezi Juni.

Taabu ni kwamba mpangilio wa kurasa za muziki haukuzaliwa kwa ajili ya mahasimu wawili walio sawa. Unamtaka nyota mmoja: picha yake ijaze ukurasa wa kushoto, mahojiano yaanze kulia, nukuu nene ikae kati ya safu. Kila muziki una sare yake. Majarida ya roki kama Kerrang!, lililoanza Uingereza mwaka 1981, yamezoesha watu herufi zilizochubuka, rangi kali na picha zilizosongamana. Ya hip hop hupenda msanii anayemkazia macho msomaji, nyuma yake patupu. Jazi huachiwa nafasi nyeupe na rangi chache. Ngoma haijashonewa sare na jarida lolote, kwa hiyo tuliazima: msongamano tukauchukua kwa roki, macho makali kwa hip hop.

Safu nne tulizikataa. Ukurasa wa A4 wenye pambizo za milimita 15 kila upande unabakiwa na milimita 180. Ukigawa safu nne zenye mwanya wa milimita 5, kila moja inapata milimita 41, yaani herufi kama 27 kwa mstari kwa maandishi ya pointi 9. Kiingereza kinaenea humo bila shida. Kiswahili kina “wanaomshangilia”, herufi 15 za neno moja, zaidi ya nusu ya mstari. Programu inabaki na mambo mawili: kutawanya maneno mpaka mashimo meupe yateremke ukurasa mzima, au kukata neno kwa kanuni za Kiingereza na kukuachia “ng” huku na “'ombe” kule. Safu tatu za milimita 56 zilituliza kila kitu. Ukataji wa maneno tuliuzima kabisa, na palipolazimu tulikata kwa mkono baada ya irabu. Fonti za mapambo nazo zipimwe kwa neno la Kisukuma “Ng'wana” kabla ya kitu kingine. Nyingi hazina kibainishi, yaani alama ya ('), na programu huchomeka kutoka fonti nyingine kisichofanana nazo.

Swali la kushoto na kulia ndilo lililokuwa gumu. Anayefungua jarida huona kulia kwanza, lakini huanza kusoma kushoto. Ukimweka Bagika kushoto, umempa neno la kwanza; ukimweka kulia, umempa jicho la kwanza. Mashabiki wa ngoma hizi hawasahau. Suluhisho lilikuwa kuusimamisha ukurasa wa 12 kama kawaida na kuupindua wa 13 kichwa chini. Msomaji akimaliza Bagika analigeuza jarida zima, na ukurasa wa 13 unahamia kushoto ukiwa umesimama wima. Kila kundi linasomwa likiwa upande wa kushoto.

Hilo liliwezekana kwa sababu ya picha. Mpigapicha alipanda juu ya jiwe (Mwanza mawe hayajawahi kuwa tatizo) akapiga uwanja kutoka juu adhuhuri, vivuli vikiwa vifupi, watu wakiwa duara mbili zinazogusana. Picha ya namna hiyo haina juu wala chini. Kwa kurasa mbili pamoja na ziada ya milimita 3 kila ukingo, eneo lake ni milimita 426 kwa 303. Kwa nukta 300 kwa inchi, hiyo ni pikseli 5,031 kwa 3,579. Iliyopitia WhatsApp, ikabaki na pikseli 1,600 upande mrefu, inatosha sentimita 13 na nusu tu. Faili lilisafirishwa kwa flashi.

Kuna waliosema tunamtesa msomaji. Niliwakumbusha jarida la Ray Gun la Marekani: mwaka 1994 David Carson aliona mahojiano na Bryan Ferry yanachosha, akayapanga yote kwa Zapf Dingbats, fonti ya alama tupu. Lakini watu husahau kwamba maandishi yaleyale yaliwekwa nyuma ya toleo hilo kwa herufi zinazosomeka. Sisi mlango wa kutokea, yaani ishara kwamba hatukukosea, ulikuwa namba ya ukurasa: 13 iliachwa wima, pembeni chini, mahali pake pa kila siku.

Na ni namba hiyo iliyomponza fundi wa pleti, mabati ya kuchapia. Kiwandani walitaka faili la ukurasa mmojammoja. Yeye akaona namba iko wima, maandishi yako kichwa chini, akajua vijana wamekosea. Kwa nia njema akauzungusha ukurasa wa 13. Prufu, nakala ya majaribio, ilipokuja, maandishi yalisimama vizuri na namba ilikuwa juu, kichwa chini. Duara za watu zilikatika kwenye mkunjo: ukingo uliopaswa kuwa ndani ulikuwa nje.

“Vijana, mimi nimewasaidia,” alisema tulipomfuata.

“Shikamoo mzee. Tunashukuru, ila tuliupindua makusudi.”

Alilizungusha jarida la mfano mikononi, mara mbili, akacheka, akaagiza pleti mpya. Tulimpa kurasa zote mbili zikiwa faili moja, maana nusu ya karatasi haizungushiki peke yake, na juu ya prufu tukaandika kwa kalamu nyekundu: IMEPINDULIWA KWA MAKUSUDI. Kurasa za namna hiyo zipelekwe hivyo tangu mwanzo, hata kiwanda kikidai moja moja.

Jalada halikuwa na vituko. Jina la jarida tu lilishushwa milimita 30 kutoka juu. Kanuni ya kulibana juu kabisa ilitungwa kwa rafu za madukani, ambako sehemu ya juu ndiyo inayoonekana. Wauzaji wetu wa Makoroboi na stendi ya Nyegezi hutundika magazeti kwenye kamba kwa vibanio vya nguo, na kibanio hula sentimita mbili za juu.

Hawakutundika jalada hata hivyo. Wengi walilifunua katikati, kwa kuwa ile picha ndiyo iliyosimamisha watu, na wateja wakaanza kudai punguzo kwa sababu limechapwa vibaya. Muuzaji mmoja wa Kirumba aliwashinda wote: alitundika nakala mbili sambamba, moja ameigeuza, akawauzia mashabiki wa Bagika ile ya Bagika na wa Bagalu ile ya Bagalu, kwa bei kamili.