Kanuni inayojikanusha: nilivyoielewa Datalog

Datalog ni lugha ya kuulizia hifadhidata kwa kanuni. Ile isiyo na ukanushi, yaani isiyotumia neno “si” ndani ya kanuni, haikunisumbua. Unaandika kanuni, unazirudia juu ya hifadhidata mpaka kusiwe na jipya la kuongeza, basi. Kilichonikwamisha ni kanuni hii: nafasi X inashinda ikiwa kuna hatua ya kutoka X kwenda Y, na Y haishindi. Ni mchezo wa watu wawili wanaosogeza kete moja kwa zamu; anayekosa pa kwenda ameshindwa.

Nilikuwa nimezoea matabaka, yaani kupanga kanuni kwa ngazi na kukanusha tu kilichokwisha kukokotolewa ngazi ya chini. Ukitaka miji isiyofikika, kwanza unamaliza kukokotoa inayofikika, ndipo unakanusha. Hapa lakini “inashinda” inajikanusha yenyewe, hakuna tabaka la chini pa kuanzia. Nilihangaika kuiandika upya kwa matabaka hadi nilipokutana na kazi ya mwanasayansi wa kompyuta Phokion Kolaitis ya mwaka 1991: alithibitisha kwamba hakuna programu ya matabaka inayoweza kulijibu swali hili kwa kila grafu, yaani kila mchoro wa nafasi na hatua zake. Nilifarijika mno. Ukomo ulikuwa wa lugha.

Nikachukua karatasi na kuchora hatua nne: a kwenda b, b kwenda a, b kwenda c, c kwenda d. Nikafuata njia ya mtafiti Allen Van Gelder ya kukadiria chini na juu kwa kupokezana. Anza kwa kudhani hakuna inayoshinda: basi kila yenye pa kwenda inaonekana mshindi, yaani a, b na c. Hayo ni makadirio ya juu. Sasa uliza ni ipi inayoweza kwenda nje ya kundi hilo: c peke yake, kwa kuwa d imebaki nje. Hayo ni makadirio ya chini. Rudia ukianza na c, unarudi palepale kwenye a, b, c. Umefika. Kwa hiyo c inashinda kwa hakika, d inashindwa, na a na b hazina jibu. Kwenye mchezo hiyo ni sare: wachezaji watazunguka kati ya a na b bila mwisho.

Jibu hilo la tatu ndilo kiini cha semantiki (namna ya kuzipa kanuni maana) waliyoieleza Van Gelder, Ross na Schlipf mwaka 1991, na naiona ndiyo tafsiri ya haki kuliko zote.

Jaribu mwenyewe: futa hatua ya c kwenda d. Sasa c inashindwa, b inashinda, a inashindwa, na sare yote imetoweka.