Ezekieli 47 kwa anayelima mpunga Usangu

Mkutano wa injili ukija huku kwetu Usangu, wilaya ya Mbarali, ukaisha bila kuhubiriwa Ezekieli 47, ujue mhubiri ameugua. Ni sura ambayo nabii anaonyeshwa katika maono maji yakitoka hekaluni, na kila akipelekwa mbele yanazidi kina. Mahubiri yenyewe nimeshayashika kichwani. Maji ya vifundoni ni Mkristo mchanga, kaokoka juzi. Ya magotini ni mtu wa maombi. Ya kiunoni ni mtumishi aliyejifunga mshipi. Hapo mhubiri anavua koti, anafuta jasho, anauliza nani anataka kuogelea usiku wa leo, na uwanja mzima unaitikia kwamba unataka kuogelea, pamoja na sisi ambao hata bwawani hatujawahi kuingia.

Sina ugomvi na mahubiri hayo. Nina jirani aliacha pombe baada ya mkutano wa namna hiyo na mpaka leo hajaigusa. Kinachonikera ni kwamba kila mara tunakomea aya ya 5. Habari ya mto inakwenda mpaka aya ya 12, na mto wenyewe hausimami pale tunapoanza kuogelea. Una safari. Mtu mwenye uzi wa kupimia, anayemwongoza kwenye maono, anamwambia nabii wazi kabisa unakokwenda: mashariki, ushuke mpaka bonde la Araba, uingie baharini, na bahari yenyewe ni ile ya chumvi.

Mimi nimezaliwa Mwakaleli, Rungwe, ambako mvua inanyesha mpaka watu wanaichoka. Utotoni mto kwangu ulikuwa kitu cha kelele. Unausikia kabla hujauona, Januari na Oktoba ni ule ule, unakwenda zake Ziwa Nyasa na hakuna anayeuliza umebaki kiasi gani. Zaburi ya 46, ile ya mto ambao vijito vyake vyaufurahisha mji wa Mungu, tuliielewa hivyo hivyo bila shida. Nilipoolewa Mbarali ndipo nikakutana na maji yanayogawanywa kwa zamu.

Huku maji yana banio. Mto unazuiwa, maji yanaingia mfereji mkuu, kutoka hapo yanaingia mifereji midogo, na mwisho kabisa yanafika jarubani kwako, kipande chako cha shamba la mpunga, kama umebahatika. Zamu ikiangukia usiku unakwenda na tochi na jembe. Unakata tuta, si pana, upana wa nyayo mbili tu, halafu unasubiri. Kwanza yanakuja mapovu na majani makavu. Kisha wadudu, nyenje na buibui wanaokimbia mbele ya maji wakigombania mashina ya kupanda. Ndipo maji yenyewe, ya rangi ya chai ya maziwa, yanatambaa kwenye nyufa za udongo na kuzijaza mmoja mmoja, na kila ufa ukishiba unatoa sauti ndogo ya kubugia. Unasimama pale unasikiliza. Yakianza kupungua kabla jaruba halijajaa, unajua bila kuambiwa kwamba kuna mtu huko juu kafungua la kwake. Walio mwanzo wa mfereji wanapanda mapema na wanavuna vizuri. Walio mwisho wa mfereji wanalima kwa imani.

Ndiyo maana Ezekieli namsoma kama mwenzangu wa kazi. Kitabu chake kinaanza akiwa uhamishoni Babeli, kando ya mto Kebari, na wataalamu wengi wanaamini Kebari ulikuwa mfereji wa umwagiliaji karibu na mji wa Nippur, nchi ambayo leo ni Iraki. Maji ya Frati yalichepushwa yakasambazwa mashambani kwa mifereji ya aina hiyo, na watu waliohamishwa kutoka Yuda wakapewa makazi kandokando yake. Alipoonyeshwa maono ya hekalu ilikuwa mwaka wa 25 wa uhamisho, na mji wa Yerusalemu ulikuwa umeanguka miaka 14 nyuma. Hekalu linalotoa mto kwenye maono, duniani lilikuwa majivu. Na mtu aliyekaa mferejini muda wote huo haambiwi jinsi maji yanavyofanya kazi. Anajua kwamba kadiri yanavyokwenda ndivyo yanavyopungua. Mengine yananywewa na udongo, mengine yanachukuliwa na jua, mengine yanaibwa.

Sasa rudia kusoma vile vipimo. Chini ya kizingiti cha hekalu maji yanachuruzika tu. Dhiraa 1,000 mbele, ambazo ni kama nusu kilomita, yako vifundoni. Elfu nyingine, magotini. Elfu nyingine, kiunoni. Elfu ya nne, hayavukiki kwa miguu. Ni kilomita mbili hivi kwa jumla, na hakuna mahali panapotajwa kijito kingine kuingia. Yanazidi kwa kwenda. Mkulima yeyote wa skimu ya umwagiliaji akifika pale ilitakiwa aiweke Biblia chini kwanza, apumue.

Halafu angalia yanakopelekwa. Yerusalemu iko kama mita 750 juu ya usawa wa bahari. Bahari ya Chumvi iko zaidi ya mita 400 chini ya usawa huo, na katikati ni jangwa la Yuda, mabonde makavu ambayo mengi huona maji mvua ikinyesha tu. Bahari yenyewe ina chumvi hata samaki hawaishi. Huko ndiko mto ulikotumwa. Haukutumwa Rungwe kwenye migomba. Kwa hiyo mimi nasema kina kile hakikuletwa ili niogelee. Kimekuja kwa sababu safari ni ndefu na mwisho wake kuna bahari iliyokufa. Wanaotajwa kufaidi ni wavuvi watakaotandaza nyavu kuanzia Engedi mpaka En-eglaimu, yaani watu wa mwisho kabisa wa mfereji. Ukinipa mahubiri ya vifundoni na magotini bila wavuvi hao, umenipa nusu.

Nabii huyo huyo, sura ya 34, anawageukia kondoo waliokunywa maji safi kisha wakayavuruga yaliyobaki kwa miguu yao, wenzao wakanywa tope. Hiyo sijawahi kuisikia kwenye mkutano wa hadhara huku. Labda kwa sababu waliokaa viti vya mbele ndio wenye mashamba karibu na banio. Natania. Kidogo.

Maji yetu sisi yanaishia wapi? Ruaha Mkuu unakusanya maji ya milima ya Uporoto na Kipengere, unapita mashamba yetu ya Usangu, unaingia kwenye ardhioevu ya Ihefu. Ihefu inatoa maji kwa kufurika juu ya mwamba pale Ng'iriama. Maji yakishuka chini ya usawa wa mwamba, mto unakatika, hata kama Ihefu ndani bado kuna maji. Zamani Ruaha ulikuwa hautulii mwaka mzima. Tangu 1993 umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Ukiuliza sababu, wakulima tunasema ni mifugo, wafugaji wanasema ni wakulima, na wote pamoja tunasema ni mvua. Lakini banio linalochota maji Septemba, mpunga ukiwa umeshavunwa, hilo si mvua.

Kwaya yetu ilialikwa Iringa mwezi wa kumi, na wenyeji wakatuzungusha hifadhini kama zawadi. Dereva, kijana wa Iringa, alituuliza tumetoka wapi. Tukasema Mbarali. Akacheka: "Kumbe mama zangu ndio mnaokula wali!" Tukacheka wote, hatukujua anatupeleka wapi. Alipotusimamisha Msembe niliona mto wa mchanga, mpana, mweupe. Viboko walikuwa wamesongamana kwenye dimbwi la tope, migongo imegusana. Mbele kidogo tembo jike alikuwa anachimba katikati ya mto. Anakwangua mchanga kwa mguu wa mbele, anautupa kwa mkonga, anatulia, anarudia, mpaka shimo likazama kiasi cha mkonga kupotea ndani. Ndama wake alitaka kuingiza kichwa, akasukumwa pembeni kwa goti. Nyani walikaa kwa mbali wanamsubiri amalize. Dereva hakuongeza neno, wala hakuhitaji.

Niliporudi nilikwenda moja kwa moja kwenye Ayubu 6. Ayubu anawalalamikia rafiki zake kwamba ni sawa na vijito: wakati wa baridi vimejaa, joto likija vinatoweka mahali pake. Misafara ya Tema ilivitazamia, wasafiri wa Sheba wakavingojea, wakafika pale wakaaibika kwa sababu walikuwa wametumaini. Hilo la kuaibika ndilo linaloniuma. Msafara haukukosea njia. Mto ndio uliokosa kuwapo. Sisi tumezoea kuimba kana kwamba kila mto kwenye Biblia ni baraka, kumbe waliouandika walitoka nchi ya vijito vya msimu na walijua mto unavyoweza kusema uongo. Elia mwenyewe kijito cha Kerithi kilimkaukia akiwa ameelekezwa pale na Mungu, ikabidi ahame mpaka Sarepta kwa mjane. Na Amosi anapodai "haki kama maji makuu", anadai mto usio na kiangazi. Haki ya Machi peke yake haimtoshi.

Turudi Ezekieli 47. Kuna aya ya 11, ambayo wahubiri wanairuka. Matopo na mabwawa ya kando ya Bahari ya Chumvi hayataponywa, yataachwa yawe ya chumvi. Kwa mtu anayeishi karibu na Ihefu aya hii inakera, maana huku ardhioevu ndiyo inayoupa mto pumzi. Mwinjilisti wetu anasema ni onyo kwa Mkristo aliyetuama. Inawezekana. Mimi naona jambo jingine. Walawi 2:13 inaagiza kila sadaka ya unga itiwe chumvi, na Ezekieli mwenyewe, sura ya 43, anawataja makuhani wakimwaga chumvi juu ya sadaka ya kuteketezwa. Hekalu linahitaji chumvi, na watu jikoni wanahitaji chumvi. Bahari inaponywa, lakini wanaochuma chumvi hawanyang'anywi kazi yao. Mwinjilisti hajakubali, nami sijakubali, tunasalimiana vizuri tu.

Yordani nimeuacha makusudi. Naamani, Yoshua kuvuka wakati wa mavuno mto ukiwa umefurika, ubatizo wa Bwana, hayo yanahubiriwa vya kutosha, na ndugu zetu Wapentekoste wanabatizia mtoni wakati sisi Wamoraviani tunanyunyizia na maisha yanaendelea. Nitasema moja tu. Siku hizi sehemu kubwa ya maji ya Yordani inachepushwa kabla hayajafika Bahari ya Chumvi, na uso wa bahari hiyo unashuka karibu mita moja kila mwaka. Bahari ambayo Ezekieli aliahidiwa itapona inakauka kwa sehemu kubwa kwa sababu ya mabanio. Kuna siku nilimweleza mgawa maji wetu habari hiyo, akanyamaza, kisha akasema, "Kumbe na huko wanagombana."

Watoto wa shule ya Jumapili wanapenda Ufunuo 22 kuliko Ezekieli, na nawaelewa. Mto unang'aa, mti wa uzima unazaa kila mwezi, majani ni ya kuwaponya mataifa. Mmoja wao, binti mwenye maswali, aliniuliza mto huo unaishia wapi. Nikafungua nikitegemea kumjibu haraka. Yohana hasemi. Tena sura ya 21 inaanza kwa kutangaza kwamba bahari haipo tena, kwa hiyo ile safari ya Ezekieli ya kushuka kwenda kuponya bahari haimo. Hekalu nalo halimo, mto unatoka kwenye kiti cha enzi na kupita katikati ya njia ya mji. Uko barabarani, mbele ya milango ya watu. Sikumwona Yohana akitaja wa juu na wa chini. Nilimwambia yule binti kwamba nadhani mto unaishia kwa mataifa, kule majani yanakopelekwa, akasema hilo si jibu, ni kama jibu la mwalimu wa hisabati aliyechoka.

Ninaandaa somo la jumuiya juu ya sura hizi mbili na nimekwama sehemu moja. Wote tutakaokaa pale ni watu wa juu ya mto. Kama kuna msomaji wa Pawaga au Idodi, au yeyote anayeishi chini yetu kabla ya bwawa la Mtera, naomba aniandikie: huko kwenu Ezekieli 47 inahubiriwa mpaka aya ya ngapi?